Ubao wa Rangi

Ofisi ya ushirika, Molo. Saa kumi na moja alfajiri,
ukungu bado umelalia mabati juu ya tangi.
Nafungua kikasha cha sumaku:
kijani, njano, nyekundu,
vidogo kama vifungo vya koti la mtoto.
Kazi yangu ni kuvibandika.

Safu ya kwanza: lita zilizopokelewa.
Ya pili: lita zilizokataliwa.
Ya tatu: ubaridi wa tangi.
Ya nne: muda wa mkulima kusubiri,
dakika kumi na tano, zisizidi.
Ya tano ni malipo kwa tarehe. Hiyo leo tuiache.

Meneja Ng'eno aliuleta ubao huu kutoka semina Nakuru,
kaufunika blanketi nyuma ya pikapu,
kila tuta akipunguza mwendo
kana kwamba amebeba mgonjwa.
"Usichokipima," alisema, "kitakupima wewe."
Sikubisha. Mimi binti wa fundi cherehani,
nimelelewa na futi shingoni,
pima mara mbili ndipo ushike mkasi.

Miezi minne safu ya nne ilikaa kijani.
Dakika tisa. Dakika kumi.
Siku ya mvua kubwa, kumi na mbili.
Watu wa benki wakaja, wakaupiga picha.
Ng'eno akanunua soda, hata mlinzi akapata.

Na nje, siku hizo hizo,
foleni ilikuwa ikipinda na ua wa misaiprasi.
Tapkigen wa Turi alifika saa kumi na mbili na robo
na mtungi wake wa lita ishirini.
Jua likavunja ukungu. Akausogeza mtungi kivulini mwa lori.
Lori likaondoka.
Mizani ilimwona saa mbili na nusu.
Mpimaji akatia spiriti, akatikisa,
maziwa yakashika chembechembe kwenye kioo.
"Yamekataa, mama."
"Langoni yalikuwa mazima," akasema,
si kwa sauti ya ugomvi,
kama mtu anayetaja jina la kijiji chake.

Nikabandika nyekundu safu ya pili.
Kwenye mkutano tukaafikiana:
wakulima hawaoshi mitungi.

Usiku ule sikulala vizuri.
Saa yangu huanza kuhesabu lini?
Mtungi unapogusa mizani.
Nani aliamua? Hakuna.
Inaanzia hapo kwa sababu hapo ndipo kiti changu kilipo.

Asubuhi nikampa Shitanda wa lango daftari na kalamu.
Andika namba ya mkulima, andika saa.
Huandika kwa kukandamiza,
hata kurasa tatu za chini husoma alichosema.
Siku kumi. Nikajumlisha, nikagawanya,
nikajumlisha tena, nikidhani nimekosea mimi.
Dakika mia moja na saba.

Nikaitoa kijani. Iliacha alama ya duara, safi,
kwenye vumbi la miezi minne.

Ng'eno akasimama mbele ya ubao na kikombe chake.
"Umekosea safu?"
"Hapana. Nilikuwa nimekosea saa."
"Benki wanarudi Alhamisi."
"Najua."
Chai ikafanya utando. Akautoa kwa kidole,
akaupangusa kwenye suruali, akatoka.
Hakuniambia nibandue. Hakuniambia asante.
Mchana nikasikia stoo ikifunguliwa,
kutu ikilia, wanaume wawili wakiihimiza
mizani ya zamani ipite mlangoni.

Sasa tuko dakika sitini na nne.
Bado nyekundu. Safu ya pili imeanza kugeuka njano,
siku nyingine hapana.

Jana Tapkigen aliingia kuulizia risiti,
akaona ubao.
"Hicho chekundu ni nini?"
"Ni kule kusubiri kwako, mama."
Akasogea, akakitazama karibu,
mkono bado unanukia mafuta ya kukamulia.
"Kumbe," akasema.
"Ni kadogo hivyo?"