Masikio Sitini na Manne

Saa moja asubuhi Kibaigwa tayari inafoka.
Malori yamejipanga hadi barabara ya Morogoro,
vumbi limepanda mpaka kiunoni,
na kila dalali kashika simu shavuni
kama mtu anayeumwa jino.

Mimi niko ndani ya kontena, chini ya mnara,
na chupa ya chai, na betri mbili za jua
ambazo Mhandisi Chilewa kaniambia nizitunze kama mayai.
Juu yangu antena sitini na nne.
Nayaita masikio.
Wanane wanasema kwa pamoja, wimbi lile lile, nukta ile ile;
sokoni hakuna anayengoja zamu.

Sikio moja peke yake husikia uji.
Sauti ya Nhonya imegonga bati la ghala ikarudi,
ya Mwaluko imepita chini ya turubai la lori,
na ya mama mmoja huko Pandambili imefika
nyembamba kama uzi uliochomoka kwenye gunia.
Lakini kila sikio limekoroga uji wake kivyake,
na humo, katika tofauti hizo, ndimo walimo watu.

Njia ya haki kabisa naijua:
jaribu kila jibu linalowezekana.
Kila simu ina alama kumi na sita za kuchagua,
simu nane,
zidisha mwenyewe. Bilioni nne na ushee,
kabla jicho halijapepesa.
Chilewa ana njia yake: pindua jedwali lote,
safu kwa safu.
Ni sahihi. Ni ghali. Feni inanguruma kama ng'ombe aliyekwama topeni.

Mama yangu, kule Mvumi, hakuchambua uwele punje kwa punje.
Alitazama upepo unatoka wapi,
akarusha ungo: pumba nyingi zikaenda.
Akarusha tena: changarawe zikajitenga.
Mara ya tatu akapuliza kidogo, akatosheka.
"Ukizidisha," alisema, "unapepeta chakula."

Basi jana usiku nimefuta mistari arobaini.
Masikio yakiwazidi wasemaji namna hii,
jedwali hukaribia kujinyoosha lenyewe:
ulalo mzito kama nguzo,
pembeni minong'ono tu.
Nilianza na ulalo, kisio la kwanza, la ovyo.
Nikamtoa Nhonya ndani ya Mwaluko,
jibu jipya nikalitumia papo hapo, likiwa bado moto.
Tena. Mara ya tatu nikaacha.
Feni ikanyamaza, nikasikia jogoo wa jirani.

Chilewa atauliza makosa. Yapo.
Katika alama elfu kumi, mbili zaidi ya njia yake,
na zote mbili za yule wa Pandambili,
maana aliye mbali ndiye hulipia haraka yetu.
Hilo limenikaa kooni kuliko vumbi.
Nimemwongezea duru moja, yeye tu.
Kwenye ripoti sijaandika.

Saa tatu na robo uzi wake umenyooka.
Maneno siyasikii, naona nukta tu kwenye skrini,
kila moja imeketi mahali pake.
Labda alitaja bei. Labda alisalimia.
Nje, dalali mmoja ameshusha simu,
ameitazama kidogo,
kisha anawageukia wapakiaji:
yale magunia ya nyuma, yashusheni.