Sikukaribishi Kiti

Mpaka ukurasa wa arobaini na moja riwaya yangu ilikuwa maiti,
kazi yangu ikawa kuifukuzia nzi.
Ndugu watano, kijiji cha mizabibu nyuma ya Kutaisi:
Zaza, Ucha, Tariel, Bondo, na kitindamimba wao Gela.
Wamekaa mezani, wamemega mkate, wamekunywa,
na hakuna anayemwambia mwenziwe neno.
Wangeambiana nini?
Waliolelewa chini ya paa moja huzungumza kwa kukohoa.
Zaza akigusa kisu, Bondo anasogeza jibini.
Ucha akitazama mlango, wote wanajua anamtazamia nani.
Wote, isipokuwa msomaji,
maskini, kasimama nje dirishani
na kioo kimejaa ukungu wa pumzi zao.

Ndipo nikakuleta wewe, Maarika.
Nilikutoa Tartu, nikakuvika viatu visivyojua tope,
nikakupa daftari la mistari myembamba na kazi ya benki:
kuhesabu mitungi ya divai iliyozikwa ghalani
ili ndugu wakopeshwe fedha za paa.
Sikukupa uzuri. Sikukupa siri.
Nilikupa macho, na Kijojia cha kuokoteza
kinachofika kwenye "kwa nini" kabla ya salamu.

Ukahesabu. Mitungi minane, shingo zikichungulia ardhini.
Saba, mifuniko yake imelika kwa kufunuliwa.
Wa nane umeota kuvu.
Ulisimama hapo kitambo, ukainama, ukageuka,
ukauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu:
"Huu hamuufungui. Mbona pembeni pamefagiwa?"

Naapa, jibu sikulijua.
Miaka miwili naandika ghala lile, ufagio sikuwahi kuuona.
Tariel akaweka glasi chini. Gela akatoka nje.
Na Bondo, ambaye sikuwa nimempa hata sentensi moja,
akasema: "Ni mama. Kila Jumapili.
Divai hiyo ilizikwa siku aliyozaliwa Malkhaz,
inywewe harusini kwake."

Ndugu wa sita!
Nilikwenda kuzima jiko; birika lilikuwa limekauka, linanuka chuma.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sawa. Lakini kupona nako kuna maumivu yake:
Zaza hakukusemesha siku nne,
Ucha aliliita swali lako utovu wa adabu,
na hakukosea.
Tena tusidanganyane, hukuwazidi akili.
Wale hunusa mbao wakajua mvua ya kesho kutwa.
Uliwazidi hatua tatu za umbali, basi,
na hukuona haya kuzitumia.

Kosa langu ni kwamba nilikupenda.
Siku ya tatu nikakupa jembe, kama tulivyousiwa,
nikakupa na Gela, na shuka, na ufunguo wa kabati la vikombe.
Sura tatu nzima. Niliziandika nikiimba.
Ukajua kikombe chenye ufa ni cha nani.
Ukajua kukohoa.
Ukurasa wa mia mbili na sita Zaza aligusa kisu
na wewe, bila kuinua macho,
ukasogeza jibini.

Nikasikia nzi.

Leo alfajiri nimezifuta zote tatu.
Gela ataninunia mpaka mwisho wa kitabu, na aninunie.
Sanduku lako nimelirudisha kizingitini,
viatu vina tope bichi, daftari liko wazi.
Mama mtu ametoka jikoni amebeba sahani,
anataka kukwambia neno ambalo wageni wote hupenda kulisikia.
Nimemzuia mkono.
Mchuzi utapoa, najua, na umetoka mbali.
Maarika, niwie radhi.
Sikukaribishi kiti.