Maji ya Chokaa

Maabara yetu ilikuwa kabati moja,
na ufunguo wake aliondoka nao mkuu wa shule aliyehamishwa.
Kwa hiyo Mwalimu Nyalusi alikuja na chupa ya jemu,
maji ya chokaa yaliyolala usiku kucha yakituama,
na mrija wa kalamu iliyokwisha wino.

"Puliza," akaniambia. Nikapuliza.
Nje, ukungu wa Kilolo ulikuwa umekalia bati.
Maji yakaota mtoto wa jicho,
kisha yakawa maziwa.
"Ulichotoa ni kaboni dayoksaidi. Andikeni."
Tukaandika. Vidole vilikufa ganzi, herufi zikalala ubavu.

Tuliagizwa kila mtu alete kitu kinachopumua.
Lutengano alileta panzi, akamtoroka.
Mimi nilileta dumu la ulanzi wa mama,
nimelificha ndani ya sweta, likigunaguna njia nzima.

Darasa likacheka mpaka madawati yakalia.

Mama anagema mwenyewe
tangu baba aende Mufindi kwenye chai.
Alfajiri na jioni hukata ncha ya mwanzi,
unene wa ukucha, basi.
Ukizidisha, mwanzi unakufa;
ukipunguza, unasahau kutoa machozi.
Leo mbeta ina sukari,
kesho ina kelele,
keshokutwa ina ugomvi.

Mwalimu hakucheka.
Aliufunga mrija kwenye shingo ya dumu kwa mpira wa baiskeli,
ncha ya pili akaizamisha kwenye chokaa mpya.
Kiputo kimoja.
Kimya.
Viwili.
Na vile viherehere vya nyuma, Kaduma na wenzake,
walikuwa wamesimama juu ya viti.

Maji yakaota mtoto wa jicho.

Maziwa yaleyale! Yangu na ya dumu.
"Humu mna hamira," akasema, "viumbe wadogo kuliko vumbi.
Wanakula sukari pasipo hewa,
wanaacha pombe, wanaacha pumzi."
Ubaoni akachora: sukari, mshale, pombe,
alama ya kujumlisha, na gesi yetu.
Mshale ule niliutazama sana.
Ulikuwa mfupi mno kwa siku mbili za kungoja.

Jioni nikamsimulia mama, maneno yakigongana:
wako hai, mama, wanapumua kama sisi!
Alikuwa anachuja. Hakuinua kichwa.
"Kwani wewe ulidhani
kwa nini huwa sikazi kifuniko?"