Dole Gumba

Nilizinunua Kisekka, kwenye kibanda cha kijana
aliyekuwa akila muhogo juu ya injini ya Subaru.
"Mama, hizi zitang'oa giza na mizizi yake," akasema,
akataja laki na ishirini. Tukakutana kwenye tisini.
Kisanduku kina picha ya tai, maandishi ya Kichina,
balbu mbili zenye vifeni mgongoni.

Jumamosi, Kabale. Jua limechelewa kuvuka kilima,
ukungu bado umelalia viazi vya Tibenderana.
Nimefungua boneti ya Corona, nikachomoa waya wa nege kwanza,
kwa sababu marehemu alizoea kusema
umeme hauna shemeji.

Ninsiima ameshika tochi ya simu.
Ana miaka kumi na mmoja na maoni juu ya kila kitu.
"Mama, taa ina mtoto wa jicho."
Kweli. Vumbi la miaka yote ile ya njia ya Kisoro.
Basi msasa, maji, dawa ya meno;
tukasugua, tukasugua, mpaka mikono ikanukia mnanaa
na plastiki ikakumbuka kwamba ilizaliwa angavu.

Mkono wangu wa kulia hauingii nyuma ya taa.
Wa kushoto unaingia, ila haujui kusoma.
Klipu ikaruka,
ikaangukia kule ambako vitu vikianguka havirudi.
Nusu saa tunaiwinda kwa sumaku ya spika iliyokufa,
tumeifunga uzi wa kushonea.
Ninsiima ndiye aliyeinasa. Hatanyamaza hadi Krismasi.

Karatasi ya maelekezo ina mchoro:
kidole, na juu yake msalaba mwekundu.
Usiguse kioo.

Nikachomoa balbu ya zamani, nikaigeuza kwenye mwanga.
Doa jeupe. Lina mistari,
duara ndani ya duara,
kama matuta yetu yanavyouzunguka mlima
hadi kileleni.
Dole gumba.

Hakuwa msomaji wa maelekezo, Turyahebwa.
Alisema yaliandikiwa watu wasio na mikono.
Aliishika hivyo hivyo, mafuta ya ngozi yakapikwa na moto,
usiku baada ya usiku,
mpaka yakawa sehemu ya kioo.
Sikusema kitu.
Ninsiima naye, kwa mara ya kwanza siku ile, hakuwa na maoni.

Saa mbili usiku tukawasha.
Lo! Ukuta wa jiko ukawa mweupe kama sanda,
jogoo wa Tibenderana akawika,
na mwenyewe akatoka amejikinga uso kwa sufuria:
"Unatafuta nini kwangu, Mama Ninsiima?
Uliza tu, nitakuonyesha."

Tukapima kimo cha taa kwa mpini wa jembe,
tukachora mstari wa mkaa ukutani, chini yake kidogo,
nikazungusha skrubu.
"Robo, Mama. Robo tena. Umepita, rudi."
Mwanga ukashuka taratibu,
ukapiga magoti chini ya mkaa.

Jumatatu, alfajiri, Kanaba.
Barabara kavu niliiona hadi kokoto zake,
nikamwona sungura akiamua.
Kisha ukungu.
Weupe ukagonga weupe, ukanirudia usoni;
mbele yangu ukuta, na ukuta unatembea.
Ile taa ya zamani, ya manjano, yenye mtoto wa jicho,
ilikuwa ikiingia humu kwa hodi.
Nikashusha kioo, nikaendesha kwa masikio,
gia ya pili, kona baada ya kona,
mpaka lori la viazi likatokea, likainamisha taa zake,
nami nikainamisha zangu.

Balbu imo kwenye kisanduku cha dashibodi,
ndani ya soksi ya shule isiyo na mwenzake.
Bado inawaka, nimeijaribu.
Naishika kitako tu.
Kioo sikigusi.