Nane Nne, Jibu Nane

Nageuza spika ya kwanza: nyuma ya sumaku pameandikwa nane.
Mita yangu inasema sita nukta mbili.
Sibishani nayo. Mita hupima waya uliolala,
nane ni ya waya unaoimba.

Mama Nyanzala ameleta nne, zote za kuazima:
mbili za kwaya, moja ya baa ya Luhende,
moja sijauliza.
"Zifunge zote," anasema. "Igombe nzima ijue
mwanangu anaolewa,
hata walioko majini na karabai zao wasikie."

Nachana kipande cha boksi, naandika.
Nane na nane sambamba: nne.
Nne na nne sambamba: mbili.
"Si unaona?" anacheka. "Hesabu inapungua,
mashine itapumzika."

Hapo ndipo wengi tunapounguza.
Omu zikipungua, mama, mzigo ndio umezidi.
Kila spika imejifungulia mlango wake,
kila moja inachota kwa ndoo yake
na kisima ni kimoja.
Nyuma ya amplifaya pameandikwa: isishuke nne.
Mwaka juzi, Kirumba, niliishusha.
Wimbo wa pili tu, harufu ya transista ikanijia
kama ukucha ulioangukia jikoni.
Deni lile nililipa kwa kubeba masanduku ya sangara,
Mwaloni, miezi minne,
mwezi kwa kila omu niliyoidharau.

Basi nazishikisha mikono.
Ya kwaya na ya kwaya, mfululizo: kumi na sita.
Ya baa na ile nisiyouliza: kumi na sita.
Kisha jozi kando ya jozi, sambamba,
kumi na sita, nusu yake,
nane.
Wanne wameingia, mlangoni amehesabiwa mmoja.

"Mbona sauti ndogo?"
Ndogo kidogo, ndiyo. Sikumdanganya.
Nilimwambia itafika asubuhi.

Saa tisa usiku shangazi wa bwana harusi
bado anatimua vumbi, viatu mkononi.
Naweka kiganja mgongoni mwa amplifaya:
vuguvugu, kama jiwe la mlimani
lililoshinda juani, magharibi ikishapita.
Mbali majini karabai mbili zimesogea huku.
Labda wamesikia.
Labda ni dagaa.