Pindo

Miaka minne kihariri changu kilikuwa shati la saizi moja:
ambaye halikumkaa, apunguze mwili.
Nilikiandika Newala, chumba cha nyuma ya duka la pembejeo,
harufu ya salfa ikipenya ukutani,
ukungu ukiniwahi kwenye kibodi alfajiri.
Kila rangi niliichagua mimi. Kila kitufe.
Aliyetaka kingine alinipigia simu
nami nikamjibu, "Toleo lijalo,"
kama fundi anayesema Ijumaa
bila kutaja Ijumaa ipi.

Somoe Nandonde, karani wa chama cha msingi,
hakupiga simu.
Alikuja na kompyuta imefungwa ndani ya khanga.
"Tazama."
Muhtasari wa kikao, aya ya tatu:
magunia yaliyodaiwa kuvushwa kutoka ng'ambo ya Ruvuma,
na kuanzia pale penye ritifaa
ukurasa mzima ulikuwa kijani,
kilo, saini, jina la mwenyekiti, posho ya chai.
Kihariri kilidhani mtu amefungua nukuu
akasahau kuifunga.
"Kwa hiyo tukitaja ng'ombe," akasema,
"wewe unadhani tunamnukuu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.
Alishuka kwa kidole hadi orodha ya wajumbe:
chini ya Nantumbwe, chini ya Chilumba,
chini ya Nandonde,
mstari mwekundu wa mawimbi.
"Na mimi? Nimekosewa tahajia?"

Ningeweza kumaliza usiku uleule.
Ritifaa moja, majina matano, nilale.
Kisha kesho Kitangari, keshokutwa Tandahimba,
kila kijiji na kidonda chake
na dawa yote imo mfukoni mwangu.
Nikamkumbuka mama akishona sare za shule:
vidole vinne vya kitambaa
alivikunja ndani ya pindo, asivikate.
"Mtoto atarefuka. Atakayefumua si lazima niwe mimi."

Nikafumua.
Kiini nikakiacha kidogo, kigumu:
kufungua, kuhifadhi, kusogeza kielekezi.
Vingine vyote nikavitoa nje
nikavikabidhi lugha ndogo niliyoikaribisha ndani ya ile kubwa,
maneno yake machache,
kama, basi, rudia, mwisho,
yanaandikwa kwenye faili la kawaida
na kihariri hulisoma kila kinapoamka.
Miezi mitano. Hakuna aliyenilipa.

Niliogopa atavunja.
Akavunja.
Aliandika rudia, akasahau pa kukomea,
skrini ikaganda kama uji wa jana.
"Kimekufa," alisema kwenye simu, bila majuto.
Nikaweka mlinzi wa kuhesabu hatua:
zikizidi milioni anakata,
anataja ni mstari upi.
Lugha sikumpokonya.

Kisha kimya. Minada ikaja, ikapita.
Juzi nilipitia ofisini kwake
nikaona faili lake la mipangilio, refu kuliko kiini changu.
Sikulielewa lote. Hili nililielewa:

    kama ritifaa imetanguliwa na n na g
    basi usifungue nukuu
    # hii ni sauti, si alama
    mwisho

Majina ya wakulima wote yamo, yametulia.
Uzito ukizidi gunia, namba inageuka rangi ya bibo lililoiva.
Sikuwahi kuliwaza hilo.

Nikaomba nijaribu. Nikaandika sentensi,
nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi,
kilekile nilichokichagua mwenyewe zamani,
likafunguka daftari la madeni.

"Siyo hapo," alisema Somoe,
macho yake kwenye mizani, mtu akishusha gunia.
"Uliza kwanza."

Nikauliza.