Konyeza

Mikindani wanamwita konyeza, nami nilidhani ni utani:
kitu cha maji na utelezi, kitamkonyeza nani?
Hadi Likapa, mdogo wangu, alipotoka mikokoni
na michirizi myekundu pajani.
Yeye alisema ni ya kijani.

Likapa haujui wekundu.
Bibo bivu na bibo bichi kwake ni pacha,
huyanusa kwanza, ndipo achague.
Tumemcheka miaka.

Nesi wa Ligula, akimmwagia siki,
alizungumza kama anayesoma risiti:
Huyu aliyekuchoma ana macho ishirini na manne.
Mengine yana lenzi, kama yako.
Mengine ni vitundu tu vya kuonjea mwanga.
Ubongo hana.
Rangi, wanasema, hazitofautishi.

Lakini manne kati ya hayo,
hata apinduke vipi,
hutazama juu:
kijiwe kidogo huyavuta chini kwa uzito
kama timazi ya fundi mwashi,
nayo yanautafuta, kupitia uso wa maji,
weusi wa majani ya mikoko.
Penye giza ndipo kwao, ndipo penye chakula.
Peupe amepotea.

Likapa hakuuliza habari za sumu.
Aliuliza, Akifika, anajua kwamba amefika?

Nesi akafunga chupa ya siki.

Jana maji yalipokupwa nilimwona
amechuchumaa penye mizizi, peke yake,
kidonda kimekauka.
Akafumba jicho moja, akalifumbua.
Nilichungulia majini.
Mimi, mwenye rangi zote,
sikuona kitu.